Mrija siku ya sita na mapovu hayajakoma: upasuaji upi kwa pafu lililosinyaa lenyewe mara ya pili?

Tabibu_Kusini

Wakuu wa upasuaji wa kifua, salaam. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nina kijana wodini, miaka 24, urefu sentimita 184, uzito kilo 58. Pafu la kulia limesinyaa lenyewe. Hakuanguka wala hakupigwa. Ni mara ya pili upande uleule. Ya kwanza ilikuwa miezi saba nyuma, akakaa na mrija wa kutoa hewa kifuani siku nne akaenda nyumbani. Safari hii alifika na kichomi cha ghafla, oksijeni 91%, eksirei ikaonyesha pafu limejikunja karibu nusu. Nimemwekea mrija namba 28 kwenye pembetatu salama (eneo la ubavuni chini ya kwapa), na ncha ya nje iko kwenye chupa ya maji. Leo siku ya sita: akitulia chupa kimya, akikohoa mapovu yanatoka. Picha ya jana inaonyesha pafu limepanda, ila kileleni bado kuna ukanda wa hewa wa kama sentimita 2. GeneXpert ya makohozi haikuona TB, VVU hana. Sigara kama kumi kwa siku, na bangi.

Tuko hospitali ya wilaya, CT skani hatuna, na rufaa ni mwendo wa saa sita kwa gari. Naomba kujua: je, huyu ni wa upasuaji au nivumilie wiki nyingine? Akienda, atafanyiwa nini hasa? Daktari mmoja wa upasuaji mkoani amesema anaweza kumfungua kwapani bila kamera. Hilo ni duni kuliko la kamera? Na njiani nimsafirishe vipi na mrija unaovuja?

---

Kisu_cha_Kwapa

Marahaba, Tabibu. Huyo ni wa upasuaji, na usisubiri mapovu yakome ndipo uandike rufaa. Sababu ziko mbili na mojawapo ingetosha: pafu limesinyaa mara ya pili upande uleule, na mrija umepita siku tano bado unatoa hewa. Baada ya tukio la kwanza, karibu mtu mmoja kati ya watatu hurudiwa. Baada ya la pili uwezekano unapita nusu. Kwa hiyo hata chupa ikinyamaza kesho asubuhi, tatizo litakuwa limeahirishwa tu.

Upasuaji huu una kazi mbili. Ya kwanza ni kuondoa panapovuja, yaani vile vilengelenge vya hewa vinavyokaa kileleni mwa pafu. Kwa mtu mrefu mwembamba kilele kinavutwa kwa nguvu zaidi kuliko sehemu ya chini, na moshi unamalizia kazi. Ya pili ni kulifanya pafu ligandane na ukuta wa kifua, ili kilengelenge kingine kikipasuka hewa isipate pa kukaa. Ukifanya ya kwanza bila ya pili, wagonjwa wanarudi. Ukifanya ya pili bila ya kwanza, hewa inayovuja inalisukuma pafu mbali na ukuta, na gundi haishiki pale ambapo nyuso mbili hazigusani. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayoamua karibu kila kitu katika ugonjwa huu.

Kwa kamera: mgonjwa analala ubavu, pafu la upande unaopasuliwa halipewi hewa, yanatobolewa matundu matatu (wengine hutumia moja la sentimita 3 hadi 4). Kilele kinakaguliwa chote, pamoja na mpasuo kati ya ndewe (sehemu kubwa) za pafu na kile kipande cha juu kabisa cha ndewe ya chini ambacho husahaulika. Kilele chenye vilengelenge kinakatwa kwa stepla ya mstari (chombo kinachobana kwa pini na kukata), urefu milimita 45 au 60, kwa kawaida risasi mbili au tatu, yaani kuifyatua mara mbili au tatu. Kata kwenye nyama nzima ya pafu. Ukipitisha stepla juu ya kilengelenge chenyewe, pini zinachana na unatoka ukiwa umeongeza tundu. Ukikosa kuona kilengelenge chochote, kata kilele hivyohivyo; mara nyingi maabara ya vipimo vya tishu huvikuta.

Kisha maji ya chumvi ya vuguvugu yanamwagwa kifuani, mtu wa usingizi anapuliza pafu taratibu hadi shinikizo la sentimita 20 za maji, unatazama mapovu. Ukimaliza hapo ndipo unageukia ukuta.

Ukuta una njia mbili. Kukwaruza: gozi kavu kwenye koleo ndefu, unasugua utando wa ukutani kuanzia kileleni hadi ubavu wa tano au wa sita, mbele, ubavuni na nyuma, mpaka utando wote utoe vijitone vya damu kama jasho. Kusugua hadi pawe pekundu tu hakutoshi, na hapo ndipo wengi wanapokosea kwa sababu mkono unachoka mapema. Njia ya pili ni kuuchuna huo utando kabisa katika eneo hilohilo. Kuchuna kunashika zaidi, ila kunavuja damu zaidi. Katika njia zote mbili acha eneo la kileleni karibu na mishipa mikubwa ya chini ya mtulinga. Pale nyuma kwenye kichwa cha ubavu wa kwanza kuna fundo la neva. Ukilichuna, mgonjwa anaamka kope moja imelegea, mboni ya jicho hilo imekuwa ndogo, na upande huo wa uso hautoi jasho.

Sasa la kwapani. Si duni. Mkato wa sentimita 5 hadi 7 chini ya mstari wa nywele za kwapa, kati ya msuli mkubwa wa kifua na msuli mpana wa mgongo. Misuli yenyewe haikatwi, inasogezwa. Unaingia nafasi ya tatu kati ya mbavu, na kilele cha pafu kiko hapohapo chini ya vidole. Stepla ikiwepo unaitumia. Isipokuwepo, unabana chini ya vilengelenge kwa koleo laini, unakata, unashona mshono wa kwenda na kurudi kwa uzi wa polipropilini 3-0 au 4-0. Kilengelenge chenye shingo nyembamba kinafungwa shinani kwa uzi, basi. Kukwaruza kunafanyika kwa mkono na gozi, na kwa eneo la kileleni mkono una nguvu kuliko chombo kirefu. Kwa hospitali ambayo risasi za stepla huja kwa msimu, mimi naona hii ndiyo njia ya kutegemewa.

Kuna mambo mawili ya kuchunga kwapani. Neva ndefu inayoshuka juu ya misuli ya ubavuni: ukiikata, bega linatoka nyuma kama bawa. Nyingine ndogo inavuka kwapa kwenda mkono wa ndani. Ikiumizwa panakufa ganzi, na mgonjwa aambiwe kabla, si baada. Pia mkono usivutwe juu kupita kiasi kwa saa mbili mezani.

Kuhusu kurudia: kwa kamera ni takriban 5 kati ya 100, kwa kufungua kifua na kuchuna utando ni takriban 1 kati ya 100. Kamera inalipa kwa maumivu kidogo na siku chache wodini. La kwapani linakaa katikati kwa maumivu, na halihitaji mtambo wa kamera.

---

Nesi_Chupa_Mbili

Kabla gari halijawashwa, hakikisheni hewa hiyo inatoka pafuni. Rufaa zinaandikwa kwa sababu ya kiungo kilicholegea.

Minya mrija kwa vidole pale unapotoka ngozini, sekunde chache tu, huku mgonjwa anakohoa. Mapovu yakiendelea, hewa inaingia chini ya vidole vyako: kwenye kiungo, mpira uliopasuka, au kifuniko cha chupa. Yakikoma, inatoka kifuani, na hapo bado kuna maswali mawili. La kwanza, je, hewa ya nje inaingia pembeni ya mrija kwenye kidonda? Zungushia gozi yenye vaselini uone kama inabadilika. La pili, je, tundu la mwisho la mrija limechomoka nje ya kifua? Tazama eksirei: ule mstari mweupe unaofuata mrija una pengo mahali pa tundu la mwisho. Pengo hilo lazima liwe ndani ya mbavu. Likiwa nje, usiusukume mrija ndani, umeshachafuka, weka mwingine.

Angalia pia kina cha maji. Ncha ya bomba la chupa iwe sentimita 2 chini ya maji. Majimaji ya kifua yakijaa chupani kina kinafika 6 au 7, na kila povu linahitaji nguvu zaidi kutoka. Watu wanabadilisha dawa kumbe ni chupa kujaa.

Njiani:

Usibane mrija unaotoa hewa. Wala kumhamisha kitandani, wala kupanda gari, wala kwa sababu dereva anaogopa maji kumwagika. Mrija uliobanwa na pafu linalovuja ni njia fupi ya hewa kujaa kwa shinikizo na kusukuma moyo upande wa pili. Chupa ikae chini ya kifua, wima, imefungwa kwa plasta ndani ya ndoo ndogo kati ya miguu ya mgonjwa. Ikiinuliwa juu ya kifua maji yanarudi ndani.

Beba chupa ya pili, na maji safi ya kuitia. Chupa ikivunjika barabarani, tia ncha ya mpira kwenye chupa yoyote ya maji ya kunywa, sentimita 2 ndani, kifuniko wazi. Ukikosa hata hiyo, acha mrija wazi kuliko kuubana.

Msiunganishe mfuko wa mkojo wa kawaida. Hauna pa kutolea hewa. Ukivimba kama puto umeubana mrija bila kujua. Mkiwa na vali ya Heimlich, ile ya kupitisha hewa upande mmoja tu yenye ulimi wa mpira ndani, inafaa safari kuliko chupa, ila mshale wake utazame mbali na mgonjwa. Ikigeuzwa inafunga kabisa. Ikilowa damu ulimi unanata, hivyo ijaribuni kabla ya kuondoka: akikohoa, ulimi upige kelele.

Kanula (sindano yenye kimpira) kubwa namba 14 iwe mfukoni mwa anayemsindikiza. Pumzi ikibana ghafla, mishipa ya shingo ikijaa, presha ikishuka, msisubiri eksirei. Kwanza hakikisha mrija haukujikunja chini ya paja lake, maana mara nyingi ndilo lenyewe. Kama si hilo, choma nafasi ya tano, mbele kidogo ya mstari wa katikati ya kwapa. Kanula fupi ya sentimita 5 haifiki kwa mtu mwenye kifua kinene; kwa kijana wa kilo 58 itafika.

---

Usingizi_Salama

Naongeza ya kwangu, kwa kuwa mgonjwa anaweza kuharibikiwa kabla mkato haujaanza.

Mrija wa zamani usiondolewe wodini "ili theatre wapate nafasi". Unabaki wazi kwenye chupa mpaka kifua kifunguliwe. Sisi tunasukuma hewa ndani kwa mashine. Pafu lenye tundu na kifua kisicho na njia ya kutolea hewa, pumzi kumi za mashine zinatosha kuangusha presha. Gesi ya usingizi ya nitrasi oksaidi isitumike hata kidogo: inaingia kwenye nafasi yenye hewa haraka sana kuliko naitrojeni inavyotoka, na mfuko wa hewa unapanuka mbele ya macho yako.

Kulitenga pafu kunafanywa kwa mpira wa kupumulia wa njia mbili, wa upande wa kushoto. Kwa mwanamume wa urefu huo namba 39 au 41 kwa kawaida inakaa. Thibitisha kwa kamera nyembamba ya njia ya hewa, ukikosa basi kwa kubana kila upande na kusikiliza, kisha sikiliza tena mgonjwa akishalazwa ubavu, kwa sababu mpira husogea wakati wa kumgeuza. Shinikizo la juu lisipite sentimita 25 hadi 30 za maji na pumzi ziwe ndogo, mililita 5 hadi 6 kwa kilo. Kumbukeni pafu la pili mara nyingi lina vilengelenge vyake, na tundu likitokea huko katikati ya kazi hakuna anayeliona.

Mpira wa njia mbili usipokuwepo, la kwapani linawezekana kwa mpira wa kawaida. Mjaze oksijeni 100%, daktari akiwa tayari simamisha mashine dakika moja hadi mbili, pafu linalala, anabana na kukata, unarudisha pumzi. Mnaongea kwa sauti. Kamera kwa mtindo huo ni mateso kwa kila mtu.

---

Tabibu_Kusini

Asanteni sana. Nimefanya jaribio la vidole: nikiminya kwenye ngozi mapovu yanakoma. Pengo la mrija kwenye picha liko ndani ya mbavu, gozi ya vaselini haikubadilisha kitu. Maji yalikuwa sentimita 5, nimerudisha 2. Kwa hiyo ni pafu.

Hospitali ya rufaa imejibu, nafasi ya upasuaji ni baada ya siku nne. Katika siku hizo, nimtie iodini au talki (poda ya madini) kupitia mrija ili pafu ligandane na ukuta, nijaribu bahati? Nina povidoni ayodini 10% na damu yake mwenyewe, talki ya hospitali hatuna. Na ile hewa ya kileleni niiache?

---

Utando_Mbili

Iodini usitie. Kisu_cha_Kwapa ameshasema kwa nini: kileleni pafu halijagusa ukuta. Ukitia sasa, dawa itagandisha chini palipogusana na kuacha mfuko juu panapovuja. Siku nne baadaye daktari anafungua anakuta nyuzinyuzi za kunata kila mahali isipokuwa pale alipozihitaji. Mwenye nafasi ya upasuaji iliyopangwa haguswi na dawa za kugandisha.

Kitu cha kufanya ni kumpandisha pafu. Kikohozi cha makusudi kila saa akiwa ameketi, dawa ya maumivu ya kutosha ili akubali kukohoa, oksijeni kwa barakoa (inaharakisha hewa iliyonaswa kufyonzwa, bila oksijeni mwili unafyonza asilimia 2 tu ya ujazo wa upande huo wa kifua kwa siku, au pungufu). Kisha mnyonyo wa taratibu, yaani mashine ivute hewa kupitia mrija, sentimita 10 za maji, ukiongeza polepole hadi 20. Usichomeke mashine ya kunyonya ya theatre moja kwa moja kwenye mrija. Ile inavuta mara nyingi zaidi ya hapo. Weka chupa ya kudhibiti katikati: bomba lake lililo wazi juu likizama sentimita 10 majini, mvuto unaofika kifuani ni 10, hata mashine ivute kiasi gani.

Mnyonyo siku ya kwanza kabisa ni hatari, hasa pafu likiwa limesinyaa kwa zaidi ya siku tatu kabla ya mrija. Likifunguka ghafla linajaa maji: kikohozi kisichokoma, povu la rangi ya waridi, oksijeni inashuka wakati picha inaonekana nzuri. Huyu wako pafu limekuwa juu kwa siku kadhaa, hatari hiyo imepungua.

Dawa za kugandisha kupitia mrija ni za asiyefaa kisu: mzee mwenye mapafu yaliyoharibiwa na moshi, mwenye moyo mbovu, anayekataa. Kwa hao, na pafu likiwa limepanda lote:

Talki safi ya hospitali gramu 4 hadi 5 ndani ya mililita 50 za maji ya chumvi, iliyochaguliwa chembe kubwa. Chembe ndogo zinapita kwenye damu na kuyachoma mapafu yote mawili. Poda ya watoto ya dukani si talki ya kifua, naandika hivyo kwa sababu swali hilo huulizwa.

Povidoni ayodini 10%, mililita 20 pamoja na mililita 80 za maji ya chumvi. Inauma sana, inaweza kushusha presha. Uliza kwanza kuhusu tezi la shingo na mzio.

Damu yake mwenyewe, mililita 2 kwa kilo: kwa kilo 58 ni kama 115. Inavutwa kwenye mshipa mkubwa wa mkono kwa bomba za 50, bila dawa ya kuzuia kuganda, na inaingizwa papo hapo kabla haijaganda, ikifuatiwa na mililita 20 za maji ya chumvi ili mrija usizibe. Hii haigandishi sana, kazi yake ni kuziba tundu. Kasoro zake ni usaha kifuani, na mrija kuziba kwa damu wakati pafu bado linavuja.

Kwa zote tatu, lidokeini (dawa ya ganzi) kwanza kupitia mrija, miligramu 3 kwa kilo, jumla isizidi 250. Na pafu likiwa linavuja hubani mrija ili dawa ikae: unauning'iniza mpira juu ya stendi ya dripu, kitanzi chake kiwe sentimita 60 juu ya mgonjwa, kwa saa moja hadi mbili. Majimaji hayapandi, hewa inapita.

Kugandisha utando kulianza kama maandalizi ya upasuaji mwingine. Norman Bethune wa Kanada alichapisha habari ya kupuliza talki kifuani mwaka 1935, ili pafu lishikane na ukuta kabla ya kukata ndewe. Mtu huyohuyo alipougua kifua kikuu miaka ya 1920 alitibiwa kwa kusinyazwa pafu kwa makusudi, kwa kutiwa hewa kifuani kwa sindano.

---

Kisu_cha_Kwapa

Nakubaliana na Utando_Mbili, ila nisisitize upande wa TB kwa wengine watakaosoma, maana huku kwetu si kila pafu lililosinyaa ni la kijana mrefu. Mwenye TB hai kifuani hakimbizwi kwa kisu. Pafu lake ni gumu, mishono inachana, na tundu la njia ya hewa linaweza kubaki wazi moja kwa moja. Dawa za TB, mrija mkubwa, uvumilivu wa wiki kadhaa, vali ya Heimlich ili aweze kutembea. Wengi hufunga wenyewe dawa zikishika. Aliyepona TB akabaki na mapango na mabula (mifuko mikubwa ya hewa ndani ya pafu), huyo anahitaji CT skani kabla ya mtu yeyote kugusa kifua. Bula kubwa kwenye eksirei hufanana na hewa iliyo nje ya pafu. Tofauti ni kwamba ukingo wa pafu lililosinyaa umebinuka kuelekea ukutani, na wa bula umebonyea kuelekea katikati. Ukichoma mrija ndani ya bula, umetengeneza tatizo ambalo hakuwa nalo.

Na mgonjwa akiwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, upande wa kulia, muulizeni tarehe za hedhi. Kusinyaa kati ya siku moja kabla na siku tatu baada ya hedhi kuanza kunaelekeza kwenye tishu za mji wa mimba zilizohamia kifuani. Daktari asipokigeuza kiwambo kilicho chini ya mapafu na kukitazama, atakata kilele kisicho na kosa na kuacha vitundu vya kiwambo. Huyo anahitaji kiwambo kirekebishwe na dawa za homoni baadaye.

---

Nesi_Chupa_Mbili

Swali kwa madaktari: baada ya kukwaruza, diklofenaki (dawa ya maumivu na uvimbe) wape au wasipewe? Kila zamu ina sheria yake. Wanaokataza wanasema dawa inazima uvimbe ambao ndio unaogandisha.

---

Utando_Mbili

Hofu hiyo ilitokana zaidi na wanyama wa maabara. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2015 lililinganisha ibuprofeni na dawa za jamii ya mofini baada ya kugandisha kwa talki, na ibuprofeni haikuharibu mgando. Lakini wagonjwa wale walikuwa na maji ya saratani kifuani, si hawa.

---

Kisu_cha_Kwapa

Ndiyo maana mimi siku mbili za kwanza naanza na parasetamo, mofini kidogo, na ganzi ya kati ya mbavu iliyochomwa kabla ya kufunga, nafasi ya tatu hadi ya saba. Diklofenaki naiacha akiba. Lakini mgonjwa asiyekohoa kwa sababu ya maumivu ni hasara kubwa kuliko diklofenaki. Ikibidi, mpe.

Baada ya upasuaji: mrija mmoja namba 24 au 28 ukielekea kileleni, mnyonyo wa 10 hadi 20 kwa saa 24 hadi 48, kisha chupa ya maji tu. Unatoka kukiwa hakuna povu kwa saa 24 hata akikohoa, majimaji chini ya mililita 200 kwa siku, na picha inaonyesha pafu limegusa ukuta kote. Damu inayozidi mililita 200 kwa saa kwa saa mbili hadi tatu mfululizo baada ya kuchuna utando inamrudisha mezani. Mrija ulioacha kutoa damu ghafla huku mgonjwa anapauka umeziba. Msifurahie chupa safi.

---

Tabibu_Kusini

Nimeweka chupa ya kudhibiti, mvuto 10. Jioni hii ukanda wa kileleni umepungua, mapovu bado akikohoa. Anaondoka keshokutwa na vali, chupa inakaa akiba.

Kuna jambo sikulitaja mwanzo. Kazi yake ni kuzamia majongoo bahari, kwa mtungi. Familia inauliza atarudi lini majini. Nimewaambia miezi mitatu, nimekosea?

---

Kisu_cha_Kwapa

Umekosea, Tabibu, na wapigie kabla hawajaondoka. Kazi hiyo ingemtosha kuwa wa upasuaji tangu tukio la kwanza.

Kwenye kina cha mita 10 shinikizo ni mara mbili ya juu ya maji. Pafu likivuja huko chini, hewa iliyoingia kifuani inakuwa maradufu anapofika juu. Kutoka mita 30 inakuwa mara nne. Hana mtu wa kumchoma kanula ndani ya maji. Miongozo ya Uingereza humkataza kuzamia kwa mtungi maisha yote, isipokuwa amefanyiwa upasuaji wa kuchuna utando pande zote mbili, na baada yake vipimo vya kupumua na CT skani vikawa vizuri. Upasuaji wa kulia peke yake unalinda kulia. Vilengelenge vya kushoto havijui kitu.

Ndege ni suala jepesi: siku 7 baada ya eksirei kuonyesha pafu limepanda lote. Kunyanyua mizigo mizito asubiri wiki sita. Sigara na bangi ziishe leo, si baada ya mshono kupona.

Mwambie daktari wa rufaa kazi ya kijana kwenye barua, mstari wa kwanza. Inaweza kubadilisha uamuzi wa kukwaruza au kuchuna, na watataka kumfanyia CT skani ya pande zote mbili kabla ya kuamua.

---

Tabibu_Kusini

Barua nimeiandika upya. Familia nitazungumza nao asubuhi, baba yake naye ni mzamiaji.